Tausi wa Kongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila tausi wa Kongo anapotajwa, kuanzia kwa wanafunzi, wapenzi wa ndege na wakazi wa kando ya msitu, hadi kwa watu wanaoshangaa kusikia kuwa Afrika ina tausi wake. Mwanzoni ni mambo ya msingi, mwishoni ni mambo yenye utata. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, utaelekezwa huko.

## Kumfahamu ndege mwenyewe

1. Tausi wa Kongo ni ndege gani?

Ni ndege mkubwa wa msitu wa mvua anayeishi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake. Kwa jina la kisayansi huitwa *Afropavo congensis*. Mchana kutwa hutembea chini akichakura majani makavu kutafuta chakula, na giza linapoingia hupanda juu ya miti mirefu kulala.

Duniani kuna tausi wa aina tatu. Wawili ni wa Asia, yaani tausi wa India na tausi wa kijani wa kusini-mashariki mwa bara hilo. Wa tatu ndiye huyu, na hakuna mwingine aliye mzaliwa wa Afrika.

2. Ni tausi kweli, au ni kanga aliyepewa jina la tausi?

Ni tausi. Shaka hii ina historia, maana hata wataalamu wa mwanzo waliona kwamba umbo lake limechukua kidogo kwa tausi na kidogo kwa kanga. Mkia wake ni mfupi, shingo yake haina manyoya kama ya kanga, na mwendo wake chini ya miti unafanana na wa kanga pia.

Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa katika miaka ya 1990 viliondoa shaka. Ndugu zake wa karibu kuliko wote ni tausi wa Asia, ingawa walitengana mamilioni ya miaka iliyopita. Kanga ni wa jamaa nyingine kabisa.

3. Nitamtambuaje?

Dume ana urefu wa sentimita 64 hadi 70. Mwili wake ni wa buluu iliyoiva, wenye mng'ao wa kijani na zambarau pale mwanga unapompiga. Ngozi ya koo iko wazi na ni nyekundu. Utosini ana kishungi cha manyoya meupe, membamba kama nywele, yaliyosimama wima, na nyuma yake manyoya meusi mafupi. Mkia ni mweusi.

Jike ni mdogo kidogo, sentimita 60 hadi 63. Kichwa, shingo na kifua chake ni vya kahawia inayoelekea wekundu, tumbo ni jeusi, na mgongo ni wa kijani chenye mng'ao. Kishungi chake ni kifupi, cha rangi ya kahawia. Rangi hizo humficha sana akiwa juu ya majani yaliyoanguka. Anaweza kuwa mbele yako na usimwone.

Anayechanganywa naye mara nyingi ni kororo, yule kanga wa msituni mwenye kishungi cheusi kilichojikunja. Tazama madoa: kororo ana vidoa vidogo vyeupe mwili mzima, tausi wa Kongo hana hata kimoja. Tena kororo hutembea kwa makundi yenye kelele, ilhali tausi huyu huonekana wawili wawili au familia moja.

4. Je, hutandaza mkia kama tausi wa India?

Hutandaza, kwa kiasi chake. Dume huinua manyoya ya mkia, huyafungua kama kipepeo cha kupepea moto, hushusha mabawa na kumwinamia jike. Hana lile buruto refu lenye macho ya rangi. Katika msitu uliosongamana kwa mizizi na mitambaazi, buruto la namna hiyo lingemnasa kila hatua.

5. Tausi wa Ikulu ya Dar es Salaam ni hawa?

Hapana. Wale ni tausi wa India, sawa na walio katika bustani nyingi za pwani yetu. Tausi anayesifiwa katika mashairi ya Kiswahili na taarab, mwenye madaha na mkia wa kuburuta, pia ni yule wa India aliyeletwa kwa njia ya bahari. Huyu wa Kongo hajapata sifa hizo, na nadhani anazistahili.

## Anakoishi

6. Anapatikana wapi hasa?

Katika misitu ya nyanda za chini za katikati na mashariki mwa Kongo. Upande wa mashariki yuko katika Mbuga ya Taifa ya Maiko, katika sehemu ya chini ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, na katika misitu ya Maniema na Tshopo inayozunguka mito Lomami na Lualaba. Katikati mwa nchi yuko Salonga, mbuga yenye takriban kilomita za mraba 36,000, kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda.

Wengi wanaoijua Kahuzi-Biega wanaijua kwa gorila wanaoishi sehemu yake ya juu karibu na Bukavu. Huko juu humpati tausi. Yuko upande wa pili, ambako mbuga hushuka kuelekea magharibi kwenye joto na unyevu.

7. Je, yupo Uganda, Rwanda, Burundi au Tanzania?

Hayupo. Akiisha Kongo, ameisha duniani porini.

8. Anahitaji msitu wa aina gani?

Hupenda msitu mkubwa uliokomaa, wenye matunda chini na miti mirefu ya kulalia, hasa kwenye miinuko midogo inayotenganisha mito. Lakini hakatai kila msitu uliowahi kuguswa. Huko Salonga ameonekana pia katika msitu uliorudi kuota baada ya watu kuhama. Hilo linatia moyo, maana linaonyesha kwamba shamba la zamani likiachwa lipumzike miaka ya kutosha, tausi anaweza kurejea. Sharti ni kwamba kusiwe na mitego (swali la 14).

## Jinsi alivyoingia vitabuni

9. Ni kweli kwamba sayansi ilimjua kwa unyoya wa kofia?

Ni kweli, na kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa taratibu.

Mwaka 1909 jumba la makumbusho ya viumbe la New York lilituma wataalamu wawili Kongo, Herbert Lang na kijana wa miaka 19 aliyeitwa James Chapin. Walikaa huko hadi 1915. Walipokuwa Avakubi, kando ya mto Ituri, Chapin aliona kofia ya mwenyeji mmoja iliyopambwa kwa manyoya. Mojawapo lilikuwa la bawa, la rangi ya kahawia nyekundu lenye mistari myeusi. Chapin alikuwa ameshawajua ndege wengi wa nchi ile, lakini unyoya ule hakuweza kusema ni wa nani. Akauchukua, akarudi nao New York, akauhifadhi.

Miaka ikapita zaidi ya 20. Mwaka 1936 Chapin alikuwa Tervuren, Ubelgiji, katika jumba la makumbusho ya Kongo, akiendelea na kazi yake kubwa kuhusu ndege wa Kongo. Juu ya kabati, mbali na macho ya wageni, aliona ndege wawili waliojazwa, dume na jike, wamepigwa vumbi. Kibandiko kilisema ni tausi wa India, wachanga, walioletwa kutoka nje. Walikuwa sehemu ya mali iliyotolewa kwa jumba hilo na kampuni iliyofanya biashara Kasai. Chapin akatazama bawa la jike. Unyoya wa Avakubi ulikuwa wa ndege yule.

Mwaka huohuo akamtangaza rasmi kwa jina la *Afropavo congensis*, na mwaka 1937 akarudi Kongo, ambako kwa msaada wa wawindaji wa huko alipata ndege wenyewe.

Ningependa msomaji azingatie nani alijua nini katika kisa hiki. Mwenye kofia alimjua ndege. Aliyempiga au kumtega alimjua, na waliomla walimjua. Jina la mtu huyo halikuandikwa popote, lakini bila kofia yake ndege wale wawili wangebaki juu ya kabati.

10. Kwa nini ndege mkubwa hivyo alichelewa kujulikana?

Kwa sababu hukaa ndani sana, ni mwoga, hunyamaza mchana na hutembea mbali na njia za watu. Hata leo watafiti humwona kwa nadra. Wengi wa tausi wanaothibitishwa siku hizi hupatikana kwa kamera zinazojiwasha zenyewe mnyama anapopita, kwa manyoya yaliyodondoka, kwa sauti ya usiku, au kwa maelezo ya wawindaji. John Hart na Agenonga Upoki, waliochapisha mwaka 1997 utafiti wa mahali anapopatikana mashariki mwa Kongo, waliwategemea sana wakazi wa vijiji vya msituni.

## Maisha yake

11. Anakula nini?

Matunda yaliyoanguka, mbegu, mchwa na wadudu wengine anaowachakura. Chikichi ni miongoni mwa matunda anayoyala.

12. Analia vipi, na saa ngapi?

Usiku, akiwa juu ya mti anapolala. Dume na jike huitikiana: dume huanza kwa sauti nzito ya chini, jike hupokea, na wimbo huo wa wawili unaweza kuendelea kwa muda mrefu huku jozi nyingine ya mbali ikijibu. Sauti husafiri mbali katika utulivu wa usiku.

Ndiyo sauti inayowasaidia watafiti kumhesabu. Kwa bahati mbaya, ndiyo hiyohiyo inayomwonyesha mwindaji mti anaolala.

13. Anazaaje?

Tausi wa India dume mmoja hupandana na majike wengi, kisha hana habari na watoto. Wa Kongo ni tofauti kabisa: dume mmoja na jike mmoja, wakilea pamoja.

Jike hutaga mayai 2 hadi 4 tu na kuyaatamia peke yake kwa takriban siku 26 hadi 28, huku dume akilinda jirani. Mengi tunayojua juu ya uzazi wake yametokana na ndege waliofugwa, na huko jike hupendelea kutaga mahali palipoinuka kuliko chini. Vifaranga hukua mbio; ndani ya siku chache tu huweza kuruka hadi kwenye tawi, wakalala chini ya bawa la mzazi.

Kumbuka hesabu hiyo ya mayai, maana ina uzito mkubwa katika majibu yanayofuata. Kwale au kuku akipoteza uzao mmoja hufidia haraka. Tausi wa Kongo hawezi, na kwa kuwa malezi ni ya wawili, mzazi mmoja akinaswa familia nzima huyumba.

## Hatari zinazomkabili

14. Nini hasa kinamuua?

Mtego wa waya. Kuna mambo mengine, nitayataja, lakini ningeulizwa nitaje moja tu ningetaja hilo.

Waya laini unapatikana kila mahali, wa breki za baiskeli au wa nyaya za umeme zilizochunwa. Mtegaji hujenga uzio mfupi wa matawi msituni, pengine wa mita nyingi, akiacha vijilango hapa na pale, na katika kila kijilango huweka kitanzi. Anayelengwa kwa kawaida ni paa mdogo wa msituni au panya mkubwa. Lakini ndege anayetembea chini akikutana na uzio haruki. Huufuata hadi apate upenyo. Kitanzi hukaza mguu. Mtegaji asipopita siku hiyo wala kesho, nyama huoza na hakuna aliyefaidika.

Ubaya wa mtego ni kwamba hauchagui na haulali. Mwenye bunduki humwona anayempiga. Waya uliosahauliwa huendelea kukamata miezi baada ya mtegaji kuhama.

Nyuma ya mtego kuna njaa na kuna soko. Katika misitu ya mashariki watu wamemiminika kuchimba dhahabu, koltani na kasiteriti. Kambi ya wachimbaji inachipuka kilomita nyingi kutoka barabarani, haina ng'ombe wala samaki wa kutosha, na mamia ya watu wanataka kitoweo kila jioni. Nyama ya porini ndiyo iliyo karibu. Vita vya tangu miaka ya 1990 vimeongeza mzigo: wakimbizi, vikundi vyenye silaha, na walinzi wa mbuga waliofukuzwa au kuuawa. Kisha kuna ukataji miti na mashamba ya kuhamahama, ambayo hufungua njia mpya za kuingilia.

15. Wamebaki wangapi?

Kadirio lililotumiwa na IUCN, shirika la kimataifa linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini, ni ndege wazima kati ya 2,500 na 9,999. Upana wa kadirio lenyewe unaonyesha ugumu wa kuwahesabu (swali la 10). Kwa miaka mingi shirika hilo lilimweka katika ngazi ya chini kati ya tatu za viumbe wanaotishiwa kutoweka.

16. Sheria inasemaje?

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yumo katika kundi la wanyama wanaolindwa kikamilifu. Kumwinda, kumkamata, kumuuza au kumweka ni kosa, ndani ya mbuga na nje yake. Mbuga zenyewe ziko chini ya ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi.

17. Basi mbuga hazitoshi kumlinda?

Zinasaidia sana. Maiko na Salonga zote zilianzishwa mwaka 1970, na Mbuga ya Lomami ikaongezwa mwaka 2016 baada ya miaka ya mazungumzo na vijiji vya pande zote. Bila hizo hali ingekuwa mbaya zaidi.

Lakini Maiko ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000 za msitu usio na barabara, na kwa miaka mingi sehemu zake zimekuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Mlinzi anayetembea kwa miguu, kwa mshahara mdogo, hawezi kuondoa kila waya. Ninavyoona mimi, doria peke yake haitamwokoa tausi. Panapopatikana kitoweo kingine cha bei nafuu, samaki wa bwawa, kuku, sungura wa kufuga, na pale wanakijiji wenyewe wanapokubaliana kuhusu eneo lisilotegwa, ndipo msitu hupumua. Lomami imejaribu njia hiyo ya makubaliano, na ningependa kuona ikienezwa.

## Maswali yenye utata

18. Baba zetu walimla. Kwa nini sisi tukatazwe?

Swali ni la haki na halijibiwi kwa kumkemea anayeuliza. Baba zetu walikuwa wachache, walitumia nyavu na mishale, na nyama ililiwa nyumbani kwao. Sasa waya ni mamia kwa mtegaji mmoja, na nyama inasafirishwa hadi kambini na mjini. Mayai ya tausi hayajaongezeka (swali la 13). Anayekula leo anakula sehemu ya mwanawe.

Ni kweli pia kwamba haifai kumnyang'anya mtu kitoweo na kumwachia maneno matupu. Anayetaka tausi abaki ana wajibu wa kuuliza jirani wa msitu atakula nini.

19. Nimemkuta amenaswa na bado yu hai. Nifanye nini?

Mfunike kichwa kwa kitambaa ili atulie, mshike mabawa yasipigepige, kisha legeza waya taratibu bila kuuvuta. Mguu ukiwa mzima, mwachie palepale ulipomkuta, kwa sababu mwenzake yuko karibu. Usimpeleke kijijini kumwonyesha. Akiwa ameumia vibaya, wajulishe watu wa ICCN walio karibu. Waya uondoe, usiuache pale.

20. Je, naweza kumfuga kama kanga?

Hapana. Kwanza ni kosa (swali la 16). Pili, ni ndege wa kivuli na unyevu, ana wasiwasi mwingi, na akifungwa uani pamoja na kuku huambukizwa maradhi yao kwa urahisi.

21. Mbona wapo Ulaya na Marekani?

Ndege hai wa kwanza walifika New York mwaka 1949, wakiletwa na Charles Cordier, mkamataji wanyama wa enzi hiyo. Bustani ya wanyama ya Antwerp, Ubelgiji, ilipata vifaranga wa kwanza mwaka 1960, na tangu hapo ndiyo inayoongoza ufugaji wao, ikitunza daftari la nasaba ili ndugu wasizaane. Waanzilishi walikuwa wachache, kwa hiyo udugu wa damu ni tatizo la kudumu.

22. Si wangerudishwa hao kutoka Ulaya?

Kwa sasa haina maana. Porini bado wapo, na kinachowamaliza bado kipo. Ndege aliyezaliwa bandani, asiyejua chui wala kitanzi, akiachiwa katika msitu wenye nyaya atadumu siku chache. Ndege wa Antwerp wana faida nyingine: kwao tumejifunza mambo ya uzazi ambayo msituni hayaonekani.

23. Nadhani nimemwona au nimemsikia. Je, taarifa yangu ina faida?

Ina faida kubwa. Andika tarehe, saa, jina la mto au kijiji kilicho karibu, na aina ya msitu. Kama simu yako inaonyesha mahali ulipo, hifadhi namba hizo. Sauti ya usiku irekodi hata kama ni hafifu. Unyoya ulioanguka upige picha pande zote mbili ukiwa na kitu cha kupimia kando yake, kama kiberiti, kisha linganisha na maelezo ya swali la 3 ili usichanganye na kororo.

Taarifa ipeleke kwa ICCN au kwa Chuo Kikuu cha Kisangani, ambako viumbe wa misitu hii husomwa. Mahali penyewe usipatangaze kwenye mitandao wala usiweke picha yenye jina la kijiji, kwa sababu anayetafuta nyama husoma mitandao hiyohiyo.